Miezi Mitatu Niliyoificha Mimba

Sisi wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hatuhesabu siku kama watu wa ofisini. Tunahesabu giza na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inalala, wanaume wanashona nyavu na sisi wanawake tunakaa bila mzigo. Mwezi ukififia giza linaingia, taa zinarudi ziwani, na alfajiri tupo mchangani na ndoo zetu tukisubiri. Kwa hiyo mwaka 2016, magiza mawili yalipopita bila kuona siku zangu, nilijua. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimeolewa hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na mume wangu alikuwa kambini kisiwani.

Nilimwambia mtu mmoja tu, mama mkwe. Aliniangalia, akashusha sauti: "Mkwe wangu, mimba changa haitangazwi. Ngoja ikae kwanza." Hakuwa na nia mbaya. Yeye mwenyewe alishaharibikiwa mimba mara mbili, na kwa jinsi alivyolelewa, jicho la mtu linatosha kuitoa mimba ambayo haijakaa. Nikamtii. Nikajifunga kanga mbili, nikaendelea kubeba ndoo kichwani, na anayeniuliza mbona natapika namwambia ni vidonda vya tumbo.

Nasimulia haya kwa sababu kuna jambo sikulielewa wakati ule. Nilipowaficha majirani, niliwaficha na wengine bila kukusudia. Nilimficha nesi. Nilimficha muuza dawa. Na miezi mitatu ile ambayo desturi yetu inasema "nyamaza" ndiyo miezi ambayo moyo wa mtoto, ubongo, mikono na miguu yake vinaumbwa. Sikuwa na mtu wa kuniambia hivyo, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua.

Homa ikanikamata mwezi wa tatu. Nilikwenda duka la dawa lililo karibu na stendi. Kaunta ndogo, kioo kimepasuka pembeni, kijana yuko nyuma yake. Nikamwambia mwili unauma, mgongo unauma, natetemeka. Hakunipima. Akafungua makopo mawili, akahesabu kwa kisu cha plastiki, akanifungia kwenye karatasi za daftari: diklofenaki za rangi ya waridi, kapsuli za rangi mbili, na dawa ya malaria. Hakuniuliza kama nina mimba. Ningeweza kusema mwenyewe, maneno mawili tu, lakini nyuma yangu alisimama mwanamke tunayenunua naye dagaa. Nikalipa, nikaondoka.

Homa ilipoa. Diklofenaki zilibaki kwenye karatasi, na kwa kuwa zilinisaidia mgongo, nikawa nakwenda kuongeza. Kila siku ya mzigo mkubwa nameza mbili. Nilifanya hivyo hadi tumbo limeonekana na kila mtu anajua, mwezi wa tano, wa sita. Ninapoandika sentensi hii bado mkono wangu unasita.

Kliniki nilianza wiki ya 24. Ningeanza mapema kidogo, lakini mara ya kwanza nilirudishwa kwa sababu nimekuja bila mume. Wengi mnalijua hilo. Kumpima baba na mama pamoja ni jambo jema, nalikubali kwa moyo wote, lakini mume wangu alikuwa majini na hangerudi kabla ya mbalamwezi. Nikaambiwa nikalete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti naye alikuwa msibani. Zikapita wiki mbili. Kama kuna anayesoma hapa na anafanya kazi kwenye kituo cha afya, namwomba kwa heshima: mpokee mwanamke kwanza, barua itafuata.

Siku niliyopokelewa, nesi mmoja wa makamo aliniambia, "Mama kijacho, hebu tazama juu." Akavuta kope yangu ya chini kwa kidole gumba. Pale ndani panapotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe kama tumbo la sato. Alipotoboa kidole na kupima, wingi wa damu ulikuwa 7.8. Inatakiwa iwe 11. Akaniuliza kama nakula udongo. Nikainamisha kichwa. Vipande viwili vya pemba, udongo wenyewe wa kula, vilikuwa kwenye pindo la kanga yangu saa ile ile.

Mwanangu alizaliwa kabla ya siku zake, ana kilo 2.1. Walinifundisha kumfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, na nilimbeba hivyo hadi akafikisha kilo mbili na nusu. Yupo, anasoma, anapenda mpira kuliko daftari. Nesi hakunilaumu. Aliniambia malaria peke yake inaweza kumfanya mtoto azaliwe mdogo, na upungufu wa damu peke yake unaweza, na mimi nilikuwa na vyote viwili. Kuhusu zile diklofenaki alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mimba ya pili, njoo mapema. Na uje na dawa zako zote."

Maneno hayo niliyaweka kwa miaka saba.

Mwaka 2023 siku zangu zilikatika tena. Safari hii sikungoja magiza mawili. Nilichukua mfuko wa kaniki ninaowekea vitu vya mtoto, nikapita nyumba nzima, kwenye kabati, chini ya godoro, juu ya friji la mama mkwe, na kila kitu tunachokiita dawa nikakitia humo. Jumanne tarehe 16 Mei, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa kwenye benchi la zahanati. Mume wangu alikuwa pembeni yangu. Safari hii nilimwita mapema.

Nesi alikuwa mwingine, binti mdogo kuliko mimi. Akauliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Nikamwambia, "Ilikuwa siku ya tatu tangu mitumbwi irudi ziwani, mbalamwezi ya mwezi wa tatu ilipokwisha." Nilidhani atanicheka. Yeye akageuka kwenye kalenda ya ukutani, akatafuta mbalamwezi ya Machi, akahesabu na mume wangu siku waliyorudi majini, wakakubaliana: tarehe 14 Machi. Akaongeza siku saba, akarudisha miezi mitatu nyuma, akaandika kwenye kadi: tarajia kujifungua 21 Desemba. "Una wiki tisa kamili," akasema.

Kisha nikamwaga mfuko mezani.

Alitandika gazeti, akaanza kuvitenga kimoja kimoja, na kila alichokishika alinieleza. Sitasahau mikono yake. Hakuwa na haraka ingawa benchi la nje lilikuwa limejaa.

Diklofenaki alizisukuma kushoto. Akaniambia mtoto akiwa tumboni anakojoa, na mkojo huo ndio sehemu kubwa ya maji anayoogelea. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuzidhoofisha figo zake, maji yakapungua, hasa kuanzia wiki ya 20. Na miezi ya mwisho zinaweza kuufunga mshipa ulio karibu na moyo wake ambao unatakiwa ubaki wazi mpaka azaliwe. Nilikumbuka mwezi wa tano, mwezi wa sita, ndoo kichwani. Sikuweza kumjibu.

Kapsuli za rangi mbili nazo kushoto. Rangi, alisema, haikwambii chochote, kwa kuwa dawa nyingi tofauti zinavaa kapsuli za aina hiyo. Alisoma maandishi madogo: doksisaiklini. Hiyo na ndugu yake tetrasaiklini hukaa kwenye mifupa na meno ya mtoto yanayojengeka, na meno hutoka yakiwa na madoa. "Ukihitaji dawa ya kuua vijidudu zipo zinazofaa, amoksilini kwa mfano. Lakini upimwe kwanza tujue tunatibu nini."

Parasetamo aliiweka kulia. Hiyo ndiyo ya maumivu na homa kwa mjamzito, kwa kipimo chake na kwa siku chache. Homa ikiendelea usizidi kumeza, njoo upimwe.

Pemba aliivunja kwa kucha, ikaacha unga mweupe kwenye gazeti. Hakunisimanga. Alisema hamu ya udongo mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe hukamata madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, kwa hiyo mtu anazidi kupungukiwa na anazidi kuutamani. Unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Na hapa jirani, kwenye maeneo ya machimbo ya dhahabu Geita, watafiti walipoupima udongo wanaokula wajawazito waliukuta na aseniki, ambayo ni sumu. Mume wangu aliinuka, akakitupa kile kipande nje mwenyewe.

Kilichobaki ni chupa ya maji ya nusu lita, imejaa kitu cha rangi ya chai, imefungwa kwa gunzi la muhindi. Hiyo alinipa shangazi yangu wa Magu, ya kunywa mwezi wa tisa ili uchungu uje kwa nguvu. Binti yule aliinusa, akaifunga tena. "Shangazi yako anakupenda," akasema. "Ila mimi sijui kilichomo, wewe hujui, na hakuna anayejua kijiko kimoja kina nguvu kiasi gani. Zipo za namna hii zinazobana mfuko wa uzazi mpaka unapasuka." Alisema neno hilo polepole. Kisha akaniambia nisiimwage kwa dharau, nikamweleze shangazi.

Na mwisho alikuta vidonge vyangu vya damu vya mimba ya kwanza, vile vyekundu tunavyoviita fefo, vimeisha muda tangu 2018. Akanipa vipya. Akaniambia nimeze kila siku, kwa maji ya kunywa au na chungwa, na chai nisinywe muda huo huo kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini. Choo kikiwa cheusi nisiogope. Wapo wanaoviacha kwa sababu hiyo tu, wanadhani wanaharibika tumbo.

Hapo ndipo nilipomuuliza mbona mimba ya kwanza waliniambia vinaongeza damu tu, na yeye anasema vina kazi nyingine. Akanieleza habari ya foliki asidi iliyomo ndani yake. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga mapema sana, kufikia kama wiki ya sita ukihesabu tangu hedhi ya mwisho. Foliki asidi ikipungua siku hizo, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi inaongezeka. "Kwa hiyo hata wiki tisa mimi nimechelewa?" nikauliza. Akasema ukweli: kwa jambo hilo moja, kinachofaa ni kuanza kumeza kabla hata ya kushika mimba, unapoamua tu kwamba unataka mtoto. Kwa mengine yote nimewahi. Tafadhali, dada zangu mnaopanga kuzaa mwakani, lichukueni hilo.

Nilitoka pale nimejaa elimu na nimejaa woga. Woga huo nao ulikaribia kuniponza. Wiki ya 15, mwishoni mwa Juni, homa ikarudi. Mimi niliyemeza kila kitu mwaka 2016 sasa sikutaka kumeza chochote. Nililala siku mbili na kitambaa cha maji usoni, nikijiambia namlinda mtoto. Mama mkwe ndiye aliyenitoa kitandani. Ndiyo, yeye. Alikodi bodaboda, akanishika kiuno mpaka zahanati, na alipofika mlangoni akasema kwa sauti watu wote wakasikia: "Mkwe wangu ana mimba na ana homa!"

Kipimo cha kidole kilionyesha malaria. Tabibu alinisema, na alikuwa na haki. Malaria kwa mjamzito hujificha kwenye kondo la nyuma, pale mtoto anapopata chakula chake, na inaweza kuitoa mimba au kumuua mama. Akanipa dawa mseto, ile ya vidonge vinne kwa mara sita, nimalize siku tatu, nile kitu chenye mafuta kidogo. Akaniambia kwa miaka mingi wenye mimba ya chini ya miezi mitatu walikuwa wakipewa kwinini, na kwamba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mseto huo wa ALu hata kwa miezi hiyo ya mwanzo. Lakini si wa kujinunulia ukameza bila kupimwa.

Nilijifunza hapo kwamba kuikimbia dawa inayohitajika ni kosa zito kama kumeza isiyofaa. Ninaye rafiki, simtaji, anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Aliposhika mimba aliziacha wiki nzima akidhani zitamdhuru mtoto, kumbe dawa hizo hizo ndizo zinazomkinga mtoto asipate. Aliposema kliniki akarudishwa kwenye dawa siku ile ile, na mtoto wake amepimwa, hana. Hali ni hiyo pia kwa mwenye kifafa, mwenye presha, mwenye kisukari. Huenda dawa yako ikabadilishwa, zipo za kifafa na za presha ambazo kweli hazifai kwa mimba. Anayeibadilisha ni daktari, tena mapema.

Mahudhurio mengine sina haja ya kuyasimulia moja moja. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linasema yawe manane, la kwanza kabla ya wiki 12. Mimi nilifika saba. Presha, mkojo, damu, kaswende, virusi, sindano ya pepopunda, futi ya kupimia tumbo. Dawa ya minyoo ilikuja baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Na SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, vidonge vitatu kwa mpigo, mbele ya nesi, kila mwezi baada ya miezi mitatu ya mwanzo kupita. Wengi waliichukia kwa sababu ya kikombe: kilikuwa kimoja, cha plastiki ya bluu, kimefungwa kwa kamba kwenye ndoo, na kila mmoja alikinywea. Kuna waliokuwa wakiweka vidonge chini ya ulimi na kuvitema nyuma ya choo kwa kinyaa tu. Niliwaona. Mwezi uliofuata nilikwenda na kikombe changu cha bati, nikamnywesha na mwenzangu, na mwezi wa tatu benchi zima lilikuwa na vikombe.

Jambo moja la sisi wa ziwani. Kipindi hicho walipita wagawa dawa ya kichocho na kile kijiti chao cha kupimia urefu, na kila mjamzito akarukwa. Mimi naosha dagaa nimesimama majini hadi magotini tangu nikiwa binti. Nikauliza kliniki, nikaelezwa kwamba prazikwanteli inaweza kutolewa kwa mjamzito baada ya miezi mitatu ya kwanza. Nikapimwa, nikapewa. Nisingeuliza nisingepewa.

Shangazi nilimfuata Magu mwezi wa Oktoba. Nilimrudishia chupa yake kwa mikono miwili, nikapiga magoti, nikamweleza nilivyoelezwa. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Mayu, yule binti wa dada yangu alikufa akijifungua. Alikunywa." Hakusema zaidi. Aliichukua chupa akaingia nayo ndani. Binti yangu alipozaliwa, tarehe 18 Desemba, kilo 3.2, shangazi alikuwa wa kwanza kuja, na alikuja na maziwa mgando tu.

Mwezi uliopita wifi yangu mdogo alikuja mwaloni kunitafuta. Alinivuta nyuma ya chanja, akatazama huku na huku, akanong'ona kwamba hajaona siku zake na kichwa kinamuuma tangu juzi, nimpeleke dukani akanunue kitu cha kutuliza. Nikamuuliza ni giza lipi. Tukahesabu kwa vidole: wiki ya saba. Kliniki ilikuwa kesho yake asubuhi, na kichwa kilikuwa cha leo, kwa hiyo tulikwenda dukani kwanza.

Duka lile lile karibu na stendi. Kioo kimebadilishwa, muuzaji ni mama mwenye koti jeupe. Kulikuwa na wanaume wawili kwenye foleni na mwanamke mmoja tunayemjua. Wifi akaeleza kichwa, yule mama akageuka, akachukua pakiti ya diklofenaki, akaiweka juu ya kaunta. Wifi akanishika mkono kwa nguvu. Nilidhani nitasema mimi.

"Nina mimba," akasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

Mwanamke tunayemjua akageuka kumwangalia. Muuzaji naye akamwangalia, akairudisha ile pakiti kabatini, akavuta kiti.

"Kaa, mwanangu. Ya wiki ngapi?"